Panya Namba Nne

2 Machi

Mjukuu wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima kama chuma, mguu tu ndio unanung'unika. Mama yako hajambo.

Majirani wanasimulia eti wale panya saba niliokutumia niliwapata kwa bahati. Wanakosea wote! Darasa sikuliona, lakini panya nawajua kuliko mama zao. Nyie huko maabara mnahesabu meno. Mimi nikiona kinyesi tu nakutajia ukoo. Namba nne, yule wa tumbo jeupe, nilimfuata hadi ng'ambo ya bonde, nikamdaka kwa mkono. Mitego ni ya watoto!

Babu yako, mchumba wa kwanza

19 Machi

Shikamoo Babu. Mguu unaendeleaje?

Sita ni wa aina moja tunayoijua: mkia, unyayo, idadi ya matiti, vyote vimekubali. Namba nne, tumbo kando, anafanana nao kama pacha, ila meno si yao. Vitabuni hayumo. Na damu yake ina ile homa iliyomaliza watu wa machimbo mwaka juzi. Kesho watu wa afya wanahamisha watu wa nyumba zote zilizo ng'ambo ya bonde. Babu, bila utani: ulimpata huko kweli?

Mjukuu wako

27 Machi

Mjukuu wangu, salamu.

Unanihoji kama mwizi wa kuku? Nikisema ng'ambo ni ng'ambo. Mimi sina hata chafya. Mama yako kapata kahoma kadogo, uchovu tu wa shamba.

Babu yako

8 Aprili

Shikamoo Babu. Mama anaendeleaje? Mbona hasemi mwenyewe?

Tumetega ng'ambo ya bonde siku tisa, mitego mia mbili. Wa aina ile hata mmoja hatujamwona. Watu wanalala mahemani, na mimi sijui tena nitafute wapi.

Mjukuu wako

10 Aprili

Mjukuu wangu,

Leo salamu sina. Mama yako hajainuka tangu Jumanne, fizi zinatoka damu.

Panya ni yule yule, tumbo jeupe, na kwa mkono nilimdaka kweli. Bonde ndilo nililitunga. Mguu huu ungevuka bonde gani? Fundi wa panya mzima, niseme nimemkuta nyumbani kwangu? Alikuwa ndani ya godoro la mama yako, ananyonyesha. Watoto wake walinikimbia.

Waambie waje huku.

Babu yako