Dimbwi la Nyuma ya Jiko Limegeuka Chemchemi ya Maombi

Mpendwa Dada Esaaba, naomba msaada wako na nakusihi usinicheke mpaka umalize kusoma, maana mimi ni mwalimu mstaafu, mtu wa kuheshimika hapa Ejisu, na sasa nashindwa hata kufagia uwanja wangu. Baada ya kumzika mume wangu niliamua kujenga nyumba isiyohitaji feni wala kiyoyozi, kuta nene za matofali ya udongo wa kushindilia, madirisha yanayotazamana ili upepo upite, nikasimamia ujenzi mwenyewe, na yote yalikwenda vizuri isipokuwa maji, kwa sababu kiwanja kiko kwenye mteremko, nami nilimwambia fundi mkuu, Badu, achimbe mtaro upande wa juu kabla ya kupaua, akanijibu kwamba maji yana akili, yatatafuta njia yenyewe. Yakatafuta. Mvua ya kwanza tu, maji ya kilimani na ya bati yakakutana nyuma ya jiko, chini ya ukuta, yakatulia hapo.

Wifi yangu Afrakoma, ambaye tangu mwanzo alisema najenga kichuguu, akaja kutazama, akaliona dimbwi, akaniuliza, "Wifi, huu ndio ubaridi wenyewe uliokuwa unatuhubiria?" Dada, niliumia. Nikamwambia ni chemchemi, imebubujika yenyewe siku tulipoweka tofali la mwisho. Sikujua ataamini. Jumapili akaja na kikundi chake cha maombi, watu kumi na wawili, Jumatano wakafika arobaini na madumu yao, mama mmoja anasema goti limepona, mwingine anasema mwanawe kapata viza, na mimi nimesimama pale naitikia amina. Nilipomwambia Badu sasa achimbe ule mtaro aliouruka, alivua kofia akasema, "Mama, mkono wangu hautakausha kisima cha Mungu." Badu huyu huyu aliyekuwa akioshea humo ndoo zake za saruji! Vibarua nao wamegoma. Matofali ya chini yamelainika mpaka kidole kinazama, na mvua kubwa za Juni zinakaribia. Nikichimba nitaitwa mkufuru, nikisema kweli Afrakoma atanicheka mpaka kaburini, nikinyamaza nyumba itaanguka. Nifanyeje?

Mwenye Dimbwi, Ejisu

Mwenye Dimbwi,

Pole kwa msiba, na samahani, nimecheka kabla ya kumaliza. Kujenga peke yako si mchezo, na fundi anayeruka mtaro angemtoa jasho hata injinia. Lakini wewe, mwalimu mzima, watu wanajaza madumu maji ya bati yaliyochanganyika na saruji, halafu unaitikia amina? Leo hii, kabla hujala, zungushia kamba dimbwi hilo na uwakataze watu kunywa maji yake.

Badu usibishane naye habari za Mungu, utashindwa. Muulize mtaro mliokubaliana uko wapi. Akileta mahubiri, tafuta mchimba mitaro mwingine. Mtaro uanze upande wa juu, maji yakatwe kabla hayajaigusa nyumba, yazungushwe mpaka bondeni, wala si kwa jirani. Kwenye bati funga mifereji ya kupeleka maji kwenye tangi. Ndipo ukaushe dimbwi, ujaze udongo na kuushindilia uteremke kuukimbia ukuta. Matofali yaliyolainika usiyafiche kwa plasta, nakujua sasa, utajaribu. Ukuta uegemezwe kwa mbao, yatolewe machache machache, mahali pake yawekwe mawe.

Kikundi utakiambia Jumapili, wote wakiwepo, bila kuzunguka: nilidanganya kwa sababu niliona haya. Watanuna, wataomba, wataondoka.

Ila Afrakoma asisikie hadharani. Amempoteza kaka yake kama ulivyompoteza mumeo, na nadhani huja kutazama nyumba hiyo kwa sababu hana kwingine pa kumtafuta. Mwite kabla ya Jumapili, mpikie fufu na supu ya karanga, umwambie. Atacheka. Mwache acheke mpaka amalize, kisha mpe jembe.