Farasi Jike wa Vilima vya Tuscarora

Lander, Wyoming
3 Mei

Baba mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, ila upepo wa huku haujui kunyamaza. Wewe je, goti lako? Ng'ombe wamezaa salama? Usiniambie "hivyo hivyo tu" kama kawaida yako. Nataka habari zenyewe.

Naandika kwa sababu kwenye simu maneno hunikwama. Tangu hospitali imekuwa hivyo, nawe unajua. Karatasi haina haraka na mimi.

Nimefika kwa Lorna Tindall, yule mama anayezoeza farasi mwitu waliokamatwa na serikali nyikani. Kila mmoja wetu anapewa farasi wake, awe mzimamoto kama mimi au askari aliyerudi vitani, na anakaa naye mpaka mnada wa mwezi wa tisa. Wangu ni jike, rangi ya mchanga, mkia mweusi. Hali nyasi mtu akiwa karibu. Ameshapelekwa mnadani mara mbili na hakuna aliyemtaka. Lorna kanieleza wazi: asiposhikika safari hii, anarudi kwenye mazizi ya serikali na huko atazeekea.

Baba, siku naondoka ulinyoosha mikono, nami nikaruka nyuma mpaka nikagonga mlango wa gari. Niliuona uso wako njia nzima hadi hapa. Kosa si lako. Ni ngozi hii mpya waliyonipandikiza, na ule moto wa Idaho, na wenzangu wawili ambao hawakutoka. Mtu akinigusa, mwili unakimbia kabla yangu. Nimechoka nao. Nataka nirudi nyumbani nikiwa mtu anayekumbatika.

Bintiyo,
Amaya


Tuscarora, Nevada
14 Mei

Mwanangu Amaya,

Marahaba, marahaba. Goti linauma, ng'ombe wamezaa, mmoja kazaa mapacha. Habari zenyewe ndizo hizo. Ukitaka ndefu zaidi muulize jirani yetu Dell Ramsey, yeye hata akikohoa anaanza na utangulizi.

Sasa nicheke au nilie? Maisha yangu yote nawafukuza farasi hao kwenye chemchemi yangu, na binti yangu wa kumzaa kaenda kuwalisha kwa mkono! Babu yako alitoka milima ya Wabaski, kule Hispania, na mbwa mmoja, akachunga kondoo wa watu mpaka akapata kipande hiki cha ardhi. Angekuwa hai leo angekutilia chumvi kwenye kahawa.

Lakini kazi ni kazi, kwa hiyo nisikilize. Mfunge kwenye nguzo, kamba fupi. Chukua gunia tupu umpigepige nalo taratibu mwili mzima, mgongoni na miguuni, mpaka achoke kuogopa. Ndivyo tulivyofanya siku zote.

Mkate siku hizi nauoka kwenye jiko la gesi. Ule wa kufukia kwenye makaa uani nimeuacha, maana moshi unaingia chumbani kwako na kukaa. Ladha si ile, lakini unalika.

Kuhusu siku ile: mlango wa gari haukuumia. Mimi pia sikuumia sana.

Baba yako


Lander
9 Juni

Baba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za mapacha. Mimi afya ni nzuri, moyo ndio una neno.

Nilifuata ushauri wako wa gunia. Jike alijirusha kwenye mbao za zizi, akapasuka juu ya jicho, na kamba ikanichuna kiganja. Tukabaki tumesimama, yeye huko na mimi huku, wote tunatoka damu. Lorna hakunigombeza. Alisema, "Baba'ko anawajua farasi waliozaliwa zizini. Huyu kazaliwa porini, dada. Ukimfunga, kwake yeye simba wa mlimani keshamshika. Wewe ingia, simama. Akikutazama tu, geuka uende zako. Kesho atakutazama zaidi." Basi ndiyo kazi yangu sasa. Nasimama, ananigeuzia sikio moja, naondoka. Mpita njia akiniona atasema nimerukwa na akili.

Sasa neno lenyewe. Nilimuuliza Lorna huyu alikamatiwa wapi. Ni kwenye vilima vya juu ya nyumba yetu, Baba. Ni ule msako wa helikopta mliouomba wewe na Dell. Nakumbuka ulinipigia simu nikiwa kazini ukasema, "Wameondoka, maji yametulia," nami nikakupongeza. Leo namwona akitetemeka kila kitu kikinguruma angani, na sijui nimkasirikie nani.

Leo nimekukasirikia wewe. Usijibu upesi.

Amaya


Tuscarora
25 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Kiganja kimepona? Ulisema nisijibu upesi, nadhani nimetii kupita kiasi. Barua yako nimekaa nayo mezani kila mlo mpaka imeingia mafuta ya soseji.

Jina langu nililiweka kwenye lile ombi, na mwaka ule ningeliweka tena. Chemchemi ilikuwa imebaki tope, nikakuta ndama amezama humo, pua tu ndiyo inaonekana. Mwenye ng'ombe hawezi kumpenda kila mnyama, Amaya, na sitajifanya.

Lakini juzi nilipanda kule juu. Hakuna alama ya kwato za farasi hata moja. Maji ni safi, nimeyanywa. Nikakaa, nikakumbuka ulivyokuwa ukilala kifudifudi pale juu kuwatazama, mama yako marehemu anakuita uje kuosha vyombo, na mimi nakuita kwa sauti kubwa zaidi. Nilidhani kimya kile kingenifurahisha. Hakikunifurahisha.

Kumbe huyo jike wako kakulia maji yangu. Basi si mgeni. Niambie anaendeleaje. Na wewe unaendeleaje, maana sioni wa kumuuliza mwingine.

Baba yako, ambaye gunia lake amelitupa


Lander
16 Agosti

Baba yangu,

Shikamoo. Hasira imeisha. Ilikuwa nzito, nami sina mikono ya kubeba vitu vizito.

Jana moto uliwaka upande wa pili wa mlima, wala si mkubwa. Nilikuwa zizini na ndoo ya maji. Helikopta ikapita chini kabisa, juu ya paa la ghala. Sikumbuki kuiacha ndoo. Akili iliponirudia nilikuwa nimejikunyata kwenye kona, na yeye yupo kona ile ile, bega lake limenibana kwenye mbao. Zizi lote lile, na sote tumekimbilia pale pale! Alikuwa anatetemeka, mimi natetemeka, sikuweza kujua ni mtetemeko wa nani. Ngurumo ikaenda zake, hakuna aliyesogea. Nikaweka kiganja shingoni mwake, hiki hiki kilichochunika. Palikuwa na joto. Ngozi yangu haikukimbia.

Lorna alikuwa langoni. Akasema, "Usiniangalie mimi, mjinga wewe, endelea kupumua."

Sasa anavaa hatamu na ananifuata bila kuvutwa. Baba, nampenda mpaka natia aibu. Mnada ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tisa. Ardhi sina, nawe sikuombi yako, neno lako kuhusu ndama nimelisikia. Naomba tu apate mtu mwema. Ukiweza, njoo umwone kabla hajaenda.

Ila usinikumbatie mbele za watu. Kwa farasi nimeweza. Kwa watu bado.

Bintiyo,
Amaya


Tuscarora
9 Septemba

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi nimefika salama. Trela tupu ilipiga kelele njia nzima, hata redio sikuisikia.

Dell alikuwa ananisubiri getini. "Farasi yuko wapi?" Maana nilikuwa nimemwambia naenda kumchukua. Ndiyo, Amaya, nilikuja kumnunua. Uzio wa malisho ya nyuma nilishautengeneza, na sikukuambia kwa sababu nilitaka nikushangaze. Nikamweleza Dell yaliyotokea, akacheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi.

Lakini niambie, yule dalali wenu katokea wapi? Mnadani kwetu Elko mimi nataja bei kwa nyusi. Nikiinua nyusi dalali ananiona, na jirani hajui kama nina shida na ng'ombe yule au sina. Ndivyo anavyonunua mtu anayejiheshimu. Kupunga mkono ni kwa watalii. Basi ulipomtoa yule jike, kichwa chini, anakufuata hatua kwa hatua, niliinua nyusi. Nikainua tena. Nilimkodolea macho yule dalali mpaka mama mmoja upande wa pili akadhani namtaka yeye, akahama kiti. Kufumba na kufumbua nyundo imegonga: "Ameuzwa kwa Bi Adeline Krantz!" Na mimi nyusi bado ziko juu.

Nilikwenda nyuma ya trela kwa sababu kitu kiliniingia machoni. Kilikuwa kikubwa, farasi mzima. Ukanikuta huko. Yaliyofuata siandiki, ulikuwepo.

Nisamehe, mwanangu. Nilimtaka awe wako.

Baba yako


Lander
18 Septemba

Baba usiyejua kununua,

Shikamoo yako. Hutaki kuandika yaliyofuata, basi nitaandika mimi.

Nilikuwa nimetoka kumpandisha kwenye gari la Bi Krantz. Alipanda mwenyewe, akageuza kichwa mara moja, mlango ukafungwa. Niliumia, Baba, vibaya. Nikaja kukutafuta ili nisimame karibu na mtu wangu. Nikakukuta umeegemea trela, kofia usoni, unasema, "Nilitaja bei, Amaya. Haki ya Mungu nilitaja, kwa nyusi zote mbili."

Nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu Idaho. Na katikati ya kicheko nikaona mikono yangu ipo shingoni mwako, sijui ilifika lini. Nawe ulisimama wima, mikono imening'inia kama unapimwa suti, hata pumzi umeibana. Nilijua unaogopa nisije nikaruka. Hukunishika hata kidogo.

Baba, safari ijayo unaruhusiwa.

Bi Krantz amempigia Lorna simu. Jike anakula vizuri, na amekwisha kumtawala punda wake mzee. Lorna ameniomba nibaki nizoeze mwingine mpaka theluji ya kwanza, dume jeusi lenye roho mbaya. Nimekubali, kama hutakasirika.

Bintiyo anayekupenda,
Amaya


Tuscarora
27 Septemba

Mwanangu,

Huku sote wazima, hata goti. Nikasirike kwa lipi? Malizana na huyo mwenye roho mbaya, na umwambie Lorna amnunulie dalali wake miwani. Nimesimama mbele ya kioo nikaziinua, zinaonekana vizuri kabisa. Dell ni shahidi.

Uzio wa nyuma sijauvunja. Majani yapo, chemchemi ipo, na mimi bado ni yule yule mwenye ng'ombe, lakini nikikuona unashuka na farasi mweusi sitauliza maswali mengi.

Umeandika kwamba safari ijayo naruhusiwa. Hapo pa barua yako ndipo penye mafuta ya soseji kuliko pengine pote. Theluji ikianguka, njoo. Mikono yangu nimeanza kuizoeza.

Baba yako