Kanda Isiyo na Salamu

Moroni, 4 Machi 1983

Kwako dada Chamsia,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila pua imeziba kwa vumbi la studio (studio! ghala la nazi la baba yake Saindou). Nyinyi hamjambo? Na mama? Au jina langu bado halitajwi tangu niache ualimu nikashika gitaa?

Albamu yetu ya kwanza imekamilika; kanda yake nakutumia pamoja na barua hii. Ni ule muziki wa Ulaya uliozaliwa panki, ile ya gitaa za fujo, ilipochoka: besi inatangulia, gitaa linakwaruza kama bati, mwimbaji hana haraka ya kupendeza. Tuliujua kwa santuri alizoazimwa mwenzetu Saindou na mmoja wa wale askari Wazungu wa kukodiwa, maana yeye huwapikia kambini. Maneno ni yetu, ya Kingazija. Redio wameturudishia, ati haina msikilizaji, na wenzangu wanataka tuvunje kundi. Nimewaomba wangoje jibu lako. Nitafutie mtu mmoja tu hapo Mutsamudu atakayeipenda. Usinipendelee!

Mdogo wako,
Idarousse

Mutsamudu, 19 Machi 1983

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Pua ifukize kwa maji ya moto.

Salimou fundi cherehani asema inamfaa anayeumwa jino. Wachukuzi wa bandarini wameipenda ngoma, wakauliza wimbo unaanza lini. Bahiat mwimbaji, na taarabu yake, kanirudishia kwa ncha za vidole. Na sasa kanda siioni pale nilipoiweka.

Mama hajambo. Hajakuulizia.

Dada yako,
Chamsia

Mutsamudu, 2 Aprili 1983

Idarousse, u hali gani? Kaa kitako kwanza.

Kanda ilikuwa kwa mama. Aliona mwandiko wako, akadhani umemtumia salamu za sauti kama watoto wote walio mbali. Akafukiza udi, akaita mama wadogo na majirani: "Njooni, mwanangu anazungumza." Naingia, besi inanguruma, wanawake wamejitanda shiromani zao wakingoja kutajwa majina. Upande wa kwanza ukaisha. "Geuza," akasema, "salamu ziko huku." Wageni wakaondoka mmoja mmoja. Yeye akabaki hadi mwisho.

Tangu hapo anairudia kila alasiri, ati huenda salamu zimempita. Jana alikuwa akichambua mchele, kichwa kinafuata besi. Nikamwuliza kama anaipenda.

"Wimbo ule wa mtu anayesimamishwa na mgeni njiani kwao, ule kweli naupenda," akasema. "Lakini mwambie, mtu haingii kwa mamaye na makelele bila hodi."

Nililia, sikufichi.

Chamsia

Moroni, 11 Aprili 1983

Mama yangu,

Kwezi, mama, nakuamkia. Mkono wako naubusu kutoka huku. Magoti hayakusumbui?

Nakuletea kanda nyingine. Kabla ya besi utanisikia nikikuamkia, kisha mama wadogo na majirani, jina kwa jina. Wenzangu walicheka, halafu kila mmoja akataka na mamaye atajwe. Ndivyo albamu itakavyoanza, popote itakapofika. Baada ya jina lako nimeacha kimya kidogo, uitikie.

Mwanao,
Idarousse

Mutsamudu, 20 Aprili 1983

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Mama alipofika kwenye kile kimya aliizima redio ya kaseti. Asema ulichomwachia hakitoshi, ana mengi ya kukuambia. Njoo, na wenzako uje nao. Mchele ameshauchambua.

Dada yako,
Chamsia