Baba Kulwa, Makoti Yako Yametoka Sandukuni

Mpendwa Baba Kulwa,

Leo wamegawa nguo zako. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Hata barua hii naiandika huku jicho liko mlangoni. Nisipokuandikia wewe nimwandikie nani, na balaa la makoti umeniachia wewe?

Unakumbuka tulivyojuana. Ruksa ya biashara ilikuwa imeanza, mitumba imefurika, na mimi nilikuwa binti wa kufungua marobota kwenye mnada wa Bariadi. Muda si mrefu kabla ya hapo tulikuwa tunagombania kitenge duka la ushirika. Ghafla zikaja nguo za dunia nzima, hata za wanajeshi. Watu walivamia suruali na mashati. Wewe ukapita katikati yao na ovaroli lako lenye nyuzi za pamba za kiwandani Maswa, ukanijia moja kwa moja. "Dada, hebu inuka kidogo." Nilidhani unanitongoza. Kumbe kweli ulitaka koti nililolikalia, zito, rangi ya kijivu na bluu.

Papo hapo, bila kuulizwa, ukanieleza kwamba babako alilinda ndege za Waingereza huko Burma, akarudi na kifungo kimoja cha shaba chenye taji na ndege aliyekunjua mbawa, na kwamba toka utotoni ulikuwa unawaza vazi lenyewe lilikuwaje. Nikakuuliza koti la baridi la nini kwenye jua hili la Usukuma. Ukacheka tu. Mnada uliofuata ukarudi. Ulinioa mimi pamoja na robota langu, nasema hivyo siku zote na hajatokea wa kunibishia.

Kutulia hukujua. Gari la mitumba likishusha Nyashimo, pamba yetu inabaki shambani imepasuka, haina mchumaji. Kila koti uliingiza mkono kwanza ndani ya kola, kutafuta jina la mwenyewe lililoandikwa kwa wino, na ukilipata unalitamka polepole. Makoti, kofia, mikanda, alama za mabegani, vyote vikaingia kwenye masanduku ya bati, na dawa ya nondo ikawa ndiyo harufu ya ndoa yetu. Hukuvaa hata siku moja. Najua mgambo walikuwa wakikamata raia wenye nguo za jeshi, lakini hata wasingekamata usingevaa. Ulisema nguo ya vita ina mwenyewe.

Na ile alama ya bawa moja! Herufi ndani ya duara la majani, kisha bawa upande mmoja tu. Ukashika kichwa, ukasema imekatwa huko ilikotoka. Ukatafuta nusu ya pili Maswa, Nyashimo, hadi minada ya Meatu, ukapekua marobota yangu mpaka wateja wakanikimbia. Yule padri mzee Mzungu alipotutembelea akaishika, akakuambia, "Hii ni nzima. Aliyeivaa hakuwa rubani, alikuwa wa kumwonyesha rubani njia." Ukamshukuru, wabeja, wabeja, ukamsindikiza hadi barabarani. Uliporudi ukaniambia, "Padri anajua misa. Ndege wa bawa moja anarukaje?" Ukaendelea kutafuta. Ulikuwa unaniudhi, na nilikupenda hivyo hivyo. Leo ningekuwa radhi uniudhi tena.

Sasa nikuambie ya leo. Unajua desturi ya ukoo wenu: anayevaa koti la marehemu amevaa na nyumba yake, mke akiwemo. Toka tulipokuzika, mdogo wako Masanja amekuwa akinipitia kila asubuhi, "Mwangaluka, shemeji," macho kwenye masanduku. Ana wake wawili Kimali, na mimi sina haja ya kuwa wa tatu. Nilimwambia hivyo usoni. Akacheka, akasema hilo litaamuliwa na ukoo.

Ukoo ukakaa uani. Mashati na suruali zako ziligawanywa upesi, kisha baba yenu mkubwa akaagiza koti la marehemu liletwe.

"Lipi, baba?" nikauliza.

Nikafungua sanduku moja, nikafungua lingine, nikayamaliza yote; nikamwaga makoti kwenye mkeka kama niko mnadani. Wazee wakaanza kuyageuza moja moja. Masanja akasema lolote linafaa. Baba mkubwa akakataa, akasema linatakiwa lililokaa mwilini. Akanigeukia, "Mayu, mama yangu, alikuwa akivaa lipi?"

"Hakuvaa hata moja, baba."

Wakaanza kubishana. Nikamwona Masanja ananyoosha mkono taratibu kwenye lile refu kuliko yote. Nikamwahi. Nikalinyakua, nikajivisha mwenyewe mbele yao, nikafunga vifungo kimoja kimoja hadi shingoni. "Anayevaa ndiye anayerithi," nikasema. "Basi nimejirithi."

"Mwanamke huyu kichaa!" Masanja akapiga kelele. "Na joto hili, atalivua sasa hivi."

Baba mkubwa akainama, akachora chini kwa fimbo. "Tulirithi neno linasema anayevaa," akasema. "Kwamba awe mwanamume sikusikia. Marehemu hakuvaa; basi likishinda mwilini mwa huyu hadi jua lizame, nyumba ni yake. Akilivua, Masanja, ni lako."

Ndiyo maana situlii. Sufu inanichoma shingo, jasho linadondokea karatasi, na jua bado liko juu ya paa la jirani, haliendi. Pacha wetu, Kulwa na Doto, wananipepea kwa ungo, wamechoka na hawataki kusema. Nimeogopa, Baba Kulwa. Naogopa kuanguka kuliko ninavyoogopa kufa. Masanja amekaa kivulini, miguu ameinyoosha, anangoja. Sasa hivi ameniletea maji kwenye kata, akasema kwa sauti ya upole, "Fungua hata kifungo kimoja, shemeji, unywe vizuri."

Nimeyanywa yote. Vifungo vyote vimefungwa.

Pumzika, mume wangu. Mimi bado nimesimama.

Mkeo na mrithi wako,
Mama Kulwa