Koti la Baba

Ruanda, Mbinga

Kaka Othmar,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi Jacqueline na watoto mko salama huko Dodoma. Sisi huku tunaendelea. Mvua imeanza, na kahawa imechanua mpaka harufu inaingia ndani.

Lakini kahawa umeshaiona. Niliipiga picha mimi, pamoja na mashamba yetu ya ngolo, yenye mashimo mteremko mzima, na wanawake wa Liuli wakianika dagaa, kwa simu uliyonitumia ili, ulivyosema, nikuondolee hamu ya nyumbani. Hamu imekuondoka kweli, maana hujakanyaga hapa tangu tumzike mama.

Jumapili baada ya misa, katekista Joakim alimpongeza baba kwa kufika kwako. Alituonyesha kwenye simu yake picha ya kahawa yetu uliyoiweka mtandaoni, na juu yake umeandika kwamba hatimaye umerudi nyumbani. Baba hakuuliza mara mbili. Alisema bila shaka umepitia mjini kununua zawadi. Aliniagiza nichinje jogoo, akavaa lile koti alilovaa kwenye harusi yako, akaketi barazani. Nilipompelekea chakula alikataa, akasema hawezi kula kabla ya mgeni wake.

Nilikupigia, hukupokea. Jioni ukaniandikia kwamba picha imependwa mno, nikutumie na ya kisima. Hata hali ya baba hukuuliza. Nilikasirika, kaka, na hasira hiyo ninayo hadi sasa.

Nikuambie na lililonikaa kooni. Nilijua tangu pale kanisani kwamba hujaja. Kapu linaloonekana kwenye picha ni langu, na picha nilikutumia mwenyewe. Ningemwambia baba palepale, lakini alikuwa anacheka, na siku nyingi sijamwona akicheka. Nikachinja jogoo. Giza lilipoingia akaniuliza kama gari lako limeharibika njiani, nikamjibu huenda. Sasa kila asubuhi analivaa lile koti.

Simu yako nimemkabidhi kondakta wa basi pamoja na barua hii. Sitakupigia picha tena. Zote nimezifuta, nimebakiza moja: baba barazani, ndani ya koti, anatazama njia. Hakujua kwamba nampiga picha. Iweke hiyo watu waione, na juu yake uandike tena kwamba umerudi nyumbani.

Msalimie sana wifi. Watoto waambie babu yao yupo.

Mdogo wako,
Notburga