Neno Ambalo Bibi Subilaga Hakulitamka

Mbeya, Alhamisi, Julai 1977

Baridi ya leo si ya mchezo. Ukungu umeshuka kutoka mlima Loleza tangu asubuhi na mpaka jioni hii haujaondoka. Naandika nimejifunika kitenge juu ya sweta mbili. Lakini leo najivuna, na hapa sina sababu ya kujificha.

Wageni walikuja kutoka Dar es Salaam kuamua kama utafiti wangu wa wazee uendelee au ufungwe. Kiongozi wao ni profesa aliyenifundisha zamani, mzee mpole wa Pwani. Anaupenda utafiti wangu wa kwanza, ule wa Iringa, nilipozunguka kliniki nikipima vichwa vya watoto ili nijue ubongo unakuaje mtoto akikosa chakula cha kutosha. Huu wa pili, wa wazee wanaopoteza kumbukumbu, anauona anasa. Nchi bado changa, anasema, rudi kwa watoto.

Kwangu mimi ni utafiti mmoja. Ukishaona nyumba inavyojengwa, unataka kujua inavyobomoka. Watu husema mzee wa namna hiyo amerudi utotoni, nami nataka kujua kama ni kweli.

Basi nikamwita Bibi Subilaga, mama wa Kinyakyusa kutoka Tukuyu. Alikuja na mwanawe, Ambakisye. Siku hizi Bibi humwita mwanawe kwa jina la kaka yake mwenyewe aliyekufa zamani. Kiswahili alikipata ukubwani na ndicho kilichotangulia kumtoka, kwa hiyo mimi huuliza kwa Kinyakyusa, kisha namtafsiria Profesa.

Tulimwonyesha picha. Jembe akalitaja. Mgomba akautaja. Tulipofika kwenye ng'ombe akatazama chini, kisha akasema, "Wale wa kukamuliwa."

Profesa akatikisa kichwa. "Unaona, Daktari? Hata jina la ng'ombe limempotea. Huyu hana tena cha kutufundisha."

Niliona kazi yangu yote inafungiwa kabatini.

Lakini kule kutazama chini nakujua. Nikamgeukia Ambakisye, nikamuuliza babu yake mzaa baba aliitwa nani. Akanitajia. Ndani ya jina lile mna neno letu la ng'ombe.

"Mama hajalitamka tangu aolewe, Daktari," akasema. "Sisi tumekua tukisikia 'wa kukamuliwa', tunajua ni ng'ombe basi."

Kwetu mke hatamki jina la baba mkwe wake, wala neno linalofanana nalo. Profesa hakuwahi kulisikia jambo hili. Nikamweleza taratibu: mama huyu amesahau jina la mwanawe, amesahau hata kwamba mumewe amefariki, lakini heshima aliyofundishwa siku za uharusi bado anailinda. Na ili ailinde, lazima alijue lile neno, alizuie, atafute jingine la kuweka mahali pake. Hiyo ni kazi kubwa kwa ubongo wowote, hata wangu.

Kwa hiyo hajarudi utotoni. Mtoto hana baba mkwe.

Profesa akayaandika hayo daftarini. Akasema utafiti uendelee, hata ufike Iringa, na wazee wa huko waulizwe kwa Kihehe, lugha yao. Nilitoka nje nikalia kidogo, kilio cha furaha. Hadubini yangu, ambayo nimeiringia miaka yote hii, isingeliona jambo lile. Nimeliona mimi, kwa sababu nimelelewa humu humu. Nilikuwa nikidhani nimekuwa mtafiti kwa sababu ya vile nilivyojifunza mbali.

Wakati wa chai Profesa akaanza utani. "Na wewe, mama msomi uliyekaa Ulaya, baba mkwe wako anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo. Jina likagoma kutoka. Wote wakacheka, nami nikacheka mpaka nikamwaga chai kwenye kisahani.

Sasa nimekaa peke yangu, mlango nimeufunga, hakuna wa kunisikia wala kunichungulia. Nikasema acha niliandike jina hilo hapa, angalau mara moja, nione itakuwaje.

Nimeandika: babu yao watoto.