Petroli Tupu ya Pikapu ya Brant

Baba Brant,

Nyama iko kwenye oveni, usimgawie mbwa.

Nimekwenda mjini kununua petroli tupu, isiyochanganywa na ethanoli, ile spiriti ya mahindi. Fundi Duane anasema ethanoli ikikaa tangini muda mrefu huvuta maji, ndiyo maana ulipoiwasha asubuhi pikapu ya mwanetu ilinguruma kidogo, ikakohoa, ikazima. Najua utanuna: "Mahindi yetu ndiyo ethanoli yenyewe." Lori lako linatembea kila siku, litie upendacho. Pikapu imelala tangu Brant aende jeshini.

~~Ukichoka, acha tu.~~ Usiache. Mwaga petroli ya zamani iliyomo kwenye pikapu kabla sijarudi.

Uliniuliza asubuhi mbona nimeandaa sahani tatu. Nilisikia injini ile uani, nikadhani amerudi.

Mama Brant